Vimeng'enya vinavyovunja protini na ukuaji wa minyoo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kimeng'enya kinachovunja protini ndo kitu gani hasa?

Umeshaona mtu anaparuza papai bichi anapaka kwenye nyama ya mishkaki, anaiacha kama saa moja hivi ndo anachoma. Nyama ngumu ya ng'ombe mzee inalegea bila kuchemshwa, na ukiisahau usiku kucha asubuhi unakuta imekuwa kama uji. Iliyofanya kazi pale ni papaini, kimeng'enya (wengine mnasema enzaimu, sawa tu) kilichomo kwenye utomvu wa papai, na kazi yake ni kukata protini. Protini ni mnyororo wa asidi amino, kimeng'enya ni mkasi. Kila kiumbe ana mikasi ya namna hiyo mwilini, aina nyingi sana, nyingine zinakata chochote zinachokutana nacho na nyingine zinakata sehemu moja tu ya protini moja tu. Cha kushika ni hiki: nani anakata nini, wapi, na saa ngapi. Hasa hiyo saa ngapi.

Kwa nini mnasoma minyoo na sio mnyama wa maana zaidi?

Huyu tunayemzungumzia anaitwa Caenorhabditis elegans, ni mnyoo duara wa urefu wa milimita 1, haumizi mtu, anaishi kwenye matunda yaliyooza na kwenye mboji, chakula chake bakteria. Umaana wake ni kwamba mwili wake unapenya mwanga, ukimweka chini ya hadubini unaona seli zake akiwa hai, unaona yai linagawanyika ndani ya mama yake. Kutoka yai mpaka mzazi ni kama siku 3 tu kwenye nyuzi joto 20 mpaka 25, na mmoja anazaa watoto kama 300 bila kuhitaji dume maana wengi wao ni huntha, wana mbegu na mayai kwa pamoja. Sydney Brenner, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyekuwa Cambridge, ndiye aliyemchagua miaka ya 1960 na mwaka 1974 akatoa andiko lililoanzisha kazi yote hii. Wenzake wakaja kuhesabu seli moja moja: huntha mzima ana seli 959 za mwili, wote wanafanana, kila seli inajulikana imetoka wapi. Hakuna mnyama mwingine aliyefuatiliwa ukoo wa seli zake zote hivyo kabla yake. Nobel ya mwaka 2002 ilienda kwa Brenner, John Sulston na Robert Horvitz kwa kazi ya mnyoo huyu.

Mnyoo akikua si anajenga mwili, sasa kuvunja protini kunamsaidia nini?

Hili ndo swali tunaloulizwa kuliko yote na ni swali zuri. Fikiria mafundi wanamwaga zege la ghorofa. Wanaanza na mbao na mirunda, bila hivyo zege halisimami. Zege likishakauka ile mirunda lazima itoke, isipotoka hakuna mtu atakayeishi humo ndani, na ikitoka mapema zege linaanguka. Yai la mnyoo liko hivyohivyo. Mama analijaza protini za kuanzia, nyingine zinahitajika muda mfupi tu wa mwanzo, na zikizidisha hapo zinageuka sumu, kiinitete kinakufa. Kwa hiyo kukua ni kujenga na kubomoa kwa zamu, na ubomoaji unapangwa kwa umakini uleule.

Seli inajuaje protini ipi ya kuvunja?

Unajua zile nyumba zilizoko kwenye hifadhi ya barabara zinazopigwa alama ya X nyekundu ukutani? Ikishapigwa X kila mtu anajua tingatinga linakuja. Seli nayo ina X yake, ni kiprotini kidogo cha asidi amino 76 kinaitwa yubikwitini. Kinapitishwa kwa mikono mitatu: E1 anakiamsha, E2 anakibeba, E3 ndo anayechagua ni protini ipi ibandikwe. Protini ikishabandikwa mlolongo wa yubikwitini inaenda kwenye protiasomu, chombo chenye umbo la pipa, mikasi iko ndani ya pipa ili isikate hovyo vitu vya watu, protini inaingia nzima inatoka vipande. Aaron Ciechanover, Avram Hershko na Irwin Rose walipata Nobel ya kemia mwaka 2004 kwa kugundua utaratibu huu.

Mnyoo ana E1 moja tu ya yubikwitini, inaitwa UBA-1, lakini E3 ni mamia. Inaeleweka, maana mpiga X ndiye anayehitaji kujua mitaa.

Nje ya njia hiyo kuna mikasi inayofanya kazi peke yake, mingine inatolewa kabisa nje ya seli (tutaiona kwenye kujivua ngozi), halafu kuna otofajia ambapo seli inafunga mzigo mzima kwenye mfuko na kuusaga. Ndo inavyofuta mitokondria ya baba iliyoingia na mbegu ndani ya yai.

Kazi hii inaanza lini?

Dakika za kwanza kabisa. Yai la mnyoo linaporutubishwa halijamaliza meiosisi, yaani bado lina kazi ya kupunguza kromosomu zake mara mbili kabla hata ya kuanza kuwa kiinitete. Kwa ajili hiyo linahitaji nyuzi fupi za kuvutia kromosomu, zinazokaa pembeni kabisa ya yai, na zinafupishwa na kimeng'enya kinaitwa katanini (jina limetoka kwenye katana, upanga wa Kijapani). Katanini hakati protini kwa maana ya kuisaga, anakatakata nyuzi. Kwenye mnyoo sehemu yake kuu ni MEI-1.

Meiosisi ikiisha, ndani ya muda mfupi sana seli hiyohiyo inatakiwa itengeneze nyuzi nyingine kabisa, ndefu, zinazojaa yai zima, kwa ajili ya mgawanyiko wa kwanza wa kiinitete. Sasa huyu mwenye upanga akiwa bado yupo, nyuzi ndefu zitasimamaje? Hapo anaingia MEL-26, anamshika MEI-1 na kumpeleka kwa CUL-3, hao wawili pamoja ndo E3 yetu, MEI-1 anapigwa X na anasagwa. Mwaka 2003 maabara kadhaa zilionyesha jambo hili karibu kwa wakati mmoja, na likafungua macho kuhusu kundi zima la protini zinazofanya kazi kama MEL-26 kwa viumbe wengine, binadamu akiwemo.

Ukimwangalia mnyoo asiye na MEL-26 unaona kabisa: nyuzi za mgawanyiko wa kwanza zinatoka fupi, zimekaa upande, seli inajaribu kugawanyika inachanika vipande visivyo sawa. Kiinitete hakifiki mbali. Kosa lenyewe ni protini moja tu nzuri, iliyofanya kazi yake vizuri, ikachelewa kuondoka.

Nimesikia kuhusu PAM-1, naye ni nani?

Ni mkasi wa aina tofauti, aminopeptidesi, anauma asidi amino kuanzia mwanzo wa mnyororo. Jamaa yake yupo kwa binadamu pia. Kiinitete kisichokuwa na PAM-1 kinachelewa kutoka kwenye meiosisi na kinashindwa kupanga upande upi utakuwa kichwa na upi mkia. Wengi wanakufa wakiwa bado mayai.

Seli zinagawanaje majukumu, nani awe ngozi nani awe wa kuzaa?

Hapa mimi ndo napenda kuliko sehemu zote. Kila mara kiinitete kinapogawanyika mwanzoni, seli moja inabaki kuwa ya ukoo wa kuzaa, yaani ndiyo itakayotoa mayai na mbegu za kizazi kijacho, mwenzake anaenda kuwa mwili. Kuna protini inaitwa PIE-1 inayokaa na ile ya ukoo wa kuzaa na kuzima jeni zake zisianze kusomwa, ili asishawishike kuwa misuli au utumbo. PIE-1 nyingi inarundikwa upande wake kabla ya kugawanyika, ila mgawanyo huo hauwi safi asilimia mia, kuna kidogo inayobaki kwa mwenzake. Hiyo kidogo ingetosha kuleta fujo. Kwenye seli za mwili kuna ZIF-1, kazi yake ni kuikamata hiyo PIE-1 iliyobaki na ndugu zake kadhaa na kuwapeleka kwa CUL-2 wapigwe X.

PIE-1 ikiunganishwa na protini inayong'aa kijani, unakaa gizani na hadubini unaona yai linagawanyika, mwanga upande mmoja unabaki, upande wa pili unafifia unafifia mpaka hakuna kitu. Ni kubomoa huko unakuona kwa macho yako. Mimi nimeangalia mara nyingi sana na bado huwa naacha kazi nyingine nikae nitazame.

Na seli zikikataa kuacha kugawanyika?

Inatokea. Mwaka 1996 watafiti walieleza jeni ya mnyoo waliyoiita cul-1. Ikiharibika, seli ambazo zilitakiwa zitulie zinaendelea kugawanyika, tishu zinajaa seli ndogondogo nyingi kupita kiasi. Maana yake CUL-1 ndo anayesaidia kuondoa protini zinazosukuma seli igawanyike. Kutoka hapo likajulikana kundi zima la kulini, ndo hao CUL-2 na CUL-3 tuliowataja, na binadamu tunao pia. Ukisoma habari za saratani utakutana nao sana.

Kweli kuna seli zinazozaliwa ili zife?

Kweli. Huntha anatengeneza seli 1090 za mwili na 131 kati ya hizo zinakufa kwa mpangilio, zilezile kila mnyoo, karibu saa ileile. Ndo tunapata 959. Anayezimaliza ni CED-3, mkasi wa kundi la kaspesi, anakata protini za seli yake mwenyewe mahali maalum. Siku zote yupo ila amelala, anaamshwa na CED-4, na CED-4 anazuiwa na CED-9 mpaka amri ije. Mwaka 1993 iligundulika CED-3 anafanana na kimeng'enya cha binadamu, na tangu hapo watu wakaacha kuchukulia kifo cha seli kama ajali.

Mnyoo asiye na CED-3 anaishi lakini, akiwa na seli za ziada. Wanafunzi wengi hawaamini hili mpaka waone.

Kujivua ngozi nako kunahusika?

Sana. Mnyoo ana ngozi ngumu ya nje iliyotengenezwa zaidi na kolajeni, yaani protini ya nyuzi, inamkinga lakini inambana. Kwa hiyo anajivua mara 4 kabla ya kuwa mzazi, na kila hatua ina jina, L1 mpaka L4.

Ukitaka kuona, chukua sahani ya agari (jeli ya kufugia bakteria na minyoo) yenye minyoo wa umri mmoja, kaa nayo. Kama saa 2 kabla ya kujivua mnyoo anapoa. Koo lake, ambalo kwa kawaida linadunda bila kupumzika likisaga bakteria, linasimama. Analala tu pale, ukimgusa kwa waya anajisogeza kivivu anarudi kulala. Wakati huo ngozi mpya inashonwa chini ya ile ya zamani. Halafu anaanza kujizungusha kama anayejipindua kitandani, huku na huku, ngozi ya zamani inaachia mwilini, anavuta kichwa nyuma, anatema hata ule utando wa zamani wa kooni (na wenyewe unabadilishwa), anasukuma kwa pua mpaka mbele panatoboka, anatoka. Ngozi inabaki kwenye agari kama soksi tupu.

Pale mbele hapatoboki kwa nguvu tu. Seli za ngozi zinamwaga nje vimeng'enya vyenye madini ya zinki, NAS-36 na NAS-37, vinalainisha ngozi ya zamani. Mnyoo aliyekosa NAS-37 anafanya yote niliyoyasema, anajipindua, anasukuma, ila ngozi haiachii vizuri, unamkuta anaiburuza imemganda mwilini, kama mtoto aliyekwamishwa na fulana shingoni. Wengine inawabana katikati wanakuwa na kiuno. CPL-1, ambaye ni jamaa wa papaini yetu ya mishkaki, anahitajika vilevile kwenye kujivua, na bila yeye hata kiinitete hakikui. Halafu kutoka kwenye yai lenyewe kuna kimeng'enya cha kuanguliwa, jeni yake hch-1, ikikosekana mtoto anachelewa kutoka.

Na hata ngozi mpya haikamiliki bila mkasi. Kolajeni inatengenezwa ikiwa na ncha za ziada, lazima zikatwe ndo nyuzi zishikamane. Mkataji mmoja, BLI-4, akiharibika ngozi inatoa malengelenge, mwingine, DPY-31, akiharibika mnyoo anakuwa mfupi mnene.

Umbo la viungo vya ndani je?

GON-1. Ni mkasi unaofungua njia kwenye utando ulioko kati ya tishu, ili seli ya mbele ya kokwa la uzazi isafiri, ipinde, irudi. Bila GON-1 haisafiri, uzazi unabaki bonge moja tu.

Jinsia nayo inaamuliwa kwa kubomoa?

Kwa sehemu ndiyo. Mnyoo mwenye kromosomu X mbili (sio ile X ya ukutani) anakuwa huntha, mwenye moja dume. TRA-1 ndiye anayeshikilia njia ya kike mwilini. Kwa dume, kundi la FEM likiwa pamoja na CUL-2 linampiga yubikwitini TRA-1 anapungua, mwili unaenda kiume.

Mnajuaje yote haya, si ni kubahatisha tu?

Hapana. Njia ya kwanza ni ya zamani, unaharibu jeni unaona kilichoharibika, ndo alivyofanya Brenner. Ya pili unamlisha mnyoo bakteria waliobeba RNA ya nyuzi mbili inayozima jeni unayoitaka, tunashukuru kazi ya Andrew Fire na Craig Mello ya mwaka 1998, Nobel 2006. Ukizima sehemu za protiasomu kwa njia hii mayai hayaanguliwi. Ya tatu ni ya tangu 2015 na ndo inayopendwa sasa, unachukua sehemu ya E3 ya mmea inayoitika homoni ya oksini, unamwekea mnyoo, halafu protini unayoichunguza unaibandika kialama. Ukimpa oksini, protini hiyo inasagwa ndani ya saa moja au pungufu. Yaani mfumo wa kubomoa wenyewe umegeuzwa kuwa chombo cha utafiti, na unaweza kuuliza protini hii inahitajika saa ngapi, sio tu inahitajika au haihitajiki.

Haya yanahusianaje na minyoo inayotusumbua sisi na mifugo?

Yanahusiana moja kwa moja, na ndo sababu mimi binafsi siuchukulii utafiti huu kama anasa.

Chukua safura. Mtoto wake anakaa kwenye udongo wenye unyevu, anapita kwenye ngozi ya mguu usio na kiatu, anasafiri mpaka mapafuni, anamezwa, anafika utumboni akiwa anabadilika hatua kwa hatua. Akifika anakunywa damu, na himoglobini haimfai nzima, lazima aikate. Mkasi wake wa kwanza unaitwa APR-1. Watafiti wakaichukua APR-1, wakaibadilisha isiweze kukata tena, wakaifanya mgombea wa chanjo ili kinga ya mwili wako iuzibe mkasi wa mnyoo, na majaribio ya mwanzo kwa binadamu yameshafanyika, Gabon ikiwemo. Mama mjamzito mwenye safura anapungukiwa damu ambayo tayari ni chache, kwa hiyo hili sio jambo la kwenye makaratasi.

Usubi, ule ugonjwa wa kupofusha macho wa Mahenge kule Morogoro, unaletwa na mnyoo anayeingizwa na inzi wadogo weusi wa kwenye mito ya kasi. Akishaingia mwilini anatakiwa ajivue kutoka L3 kwenda L4 ndani ya siku chache. Maabara imeonyesha kwamba ukizuia mikasi yake ya jamii ya papaini, kujivua kunakwama. Unaona uhusiano? Kinachosomwa kwa mnyoo wa kwenye mboji kinasaidia kumwelewa mnyoo anayepofusha watu.

Wafugaji wa mbuzi na kondoo mnamjua Haemonchus hata kama jina hamlijui, ndo yule mwekundu-mwekundu wa tumbo la nne, mbuzi anakuwa na utando mweupe wa jicho na uvimbe chini ya taya. Kwake huyu chanjo ilishatengenezwa kabisa, Barbervax, ilianza kuuzwa Australia mwaka 2014, na kilichomo ndani ni protini za utumbo wa mnyoo, sehemu kubwa ni vimeng'enya hivi hivi vya kukata protini. Kondoo anatengeneza kinga, mnyoo akinywa damu anakunywa na kinga, mmeng'enyo wake unavurugika. Kasoro yake ni kwamba inabidi kurudiwa mara kadhaa kwa msimu, na protini zinavunwa kutoka kwa minyoo halisi, kwa hiyo kutengeneza ni kazi.

Albendazo na ivamektini si zinaua vimeng'enya hivi?

Hapana. Albendazo inashika tubulini, matofali ya zile nyuzi za ndani ya seli. Ivamektini inafungua milango ya umeme kwenye neva na misuli, mnyoo anapooza. Mlango wa vimeng'enya haujatumika bado kwa vidonge, na kwa kuwa minyoo wa mifugo wameshazoea dawa nyingi za zamani, tunauhitaji.

Kwa hiyo ninywe utomvu wa papai nitoe minyoo?

Usinywe. Ni kweli maabara imeonyesha vimeng'enya vya papai vinamomonyoa ngozi ya minyoo na wamejaribu kwa panya na kondoo, ila utomvu mbichi unaunguza, kinywa chako na koo lako navyo ni protini, na hakuna anayejua glasi yako ina nguvu kiasi gani. Mwenye mimba ndo kabisa asiguse. Kidonge cha minyoo ni bei rahisi, nenda kituo cha afya.

Nasoma sekondari au chuo, sina maabara kubwa, naweza kuona chochote?

Unaweza. Chukua tunda lililooza chini ya mti, embe au mpera, liweke pembeni ya sahani ya agari yenye bakteria, subiri siku moja au mbili. Minyoo watatoka wenyewe. Huenda wasiwe C. elegans, kuna spishi nyingi za joto kama C. briggsae na C. tropicalis, haidhuru, wote wanajivua ngozi mara 4. Hadubini ya kawaida ya darasani inatosha. Mtafute aliyelala, hakikisha koo halidundi, usimguse sana, usiweke taa kali muda mrefu maana agari inakauka. Andika saa. Akianza kujipindua usiondoke hata kama kengele imelia, kutoka hapo mpaka ngozi itoke sio muda mrefu.